Nywila ya Wodi Nzima: Tunavyofundishana Vibaya Kuweka Mlango wa Kuingia kwenye Mifumo ya Java

Ukitaka kujifunza kuweka mlango wa kuingia kwenye programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java, mafunzo hayakosekani. Utaambiwa: fungua faili la web.xml, bandika mistari hii kumi na mitano, nenda kwenye tomcat-users.xml uweke jina na nywila, zima seva, washa tena, jaribu. Fomu ikitokea, ukaandika nywila, ukaingia, basi hongera, umemaliza.

Mimi naanza kulalamika hapo hapo yanapoishia. Makala hii ni ya ukosoaji, kwa hiyo niseme mapema nakosoa nini. Sikosoi lugha ya Java, na wala sikosoi wataalamu walioandika viwango vyake. Kazi yao kubwa ni nzuri, na nitaisifu inapostahili. Nakosoa namna tunavyofundishana kuisanidi, tunavyoipeleka kazini bila kuigusa, na tunavyowageukia watumiaji na kuwaita wazembe mambo yakiharibika. Hoja yangu ni moja tu: mipangilio ya kawaida ya kuingia imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kompyuta yake. Sisi tunaichukua vilevile na kuiweka kwenye chumba chenye kompyuta moja na watumishi kumi. Matokeo yake nywila inakuwa ya wodi nzima, na swali la nani kafanya nini halijibiki tena.

Kwa nini wodi? Kwa sababu huku kwetu Java haiko darasani tu. DHIS2, programu inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake wengi, imeandikwa kwa Java. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo iliisambaza katika miaka hiyo ya mwanzo ya 2010. Zahanati ya mteremkoni Kilimanjaro, iwe Rombo au Hai, inajaza vitabu vya MTUHA kwa kalamu, na takwimu zake za mwezi huishia ndani ya DHIS2. OpenMRS, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa na iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, nayo ni Java. Kwa hiyo ukisanidi mlango wa Java vibaya, kinachovuja kinaweza kuwa habari ya afya ya jirani yako.

Kwanza, kuingia ni nini hasa?

Tunaposema "kulogini" tunachanganya mambo matatu. Tuyatenganishe taratibu.

La kwanza ni kutambuliwa: wewe ni nani, na unathibitishaje? La pili ni ruhusa: ukishajulikana, unaruhusiwa kugusa nini? La tatu ni kukumbukwa. Wavuti kwa asili haina kumbukumbu. Kila ukibonyeza, seva inakuona mgeni. Kwa hiyo ukishaingia, seva inakupa namba ndefu ya kubahatisha, kivinjari chako kinaihifadhi kama kuki, na kila ombi linalofuata linaibeba. Huo ndio unaoitwa kikao. Mwenye namba hiyo ndiye wewe, hata kama si wewe.

Kiwango cha Java cha wavuti kinakupa njia kadhaa za kutambua mtu. Iliyo maarufu inaitwa FORM: unatengeneza ukurasa wenye sehemu mbili, j_username na j_password, unaituma fomu kwenda j_security_check, na seva inafanya mengine. Nyingine ni BASIC, ambapo jina na nywila husafiri katika kila ombi zikiwa zimeandikwa kwa mtindo wa Base64. Wanaoanza wengi wakiona herufi zile za ajabu hudhani ni siri. Siyo. Base64 ni kama kuandika barua kwa mwandiko mbaya: anayejua kusoma atasoma. Bila HTTPS, zote mbili ni sawa na kutangaza nywila yako stendi ya Moshi.

Nywila yenyewe itunzwe vipi? Hapa Java ya leo inastahili sifa. Nywila haitakiwi kuhifadhiwa, inatakiwa kusagwa. Ukipeleka mahindi mashineni unapata unga, na hakuna fundi atakayekurudishia gunzi. Seva inahifadhi unga. Ukija kesho na mahindi yako, inayasaga tena na kulinganisha. Kila nywila huongezwa chumvi yake kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye nywila ileile wasiwe na unga unaofanana. DHIS2 inatumia bcrypt, mbinu iliyochapishwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, ambayo makusudi yake ni kusaga polepole. Wewe unayeingia mara moja hutahisi lolote, ila mwizi anayejaribu nywila milioni atajuta.

Kwa hiyo ufundi wa ndani upo na ni mzuri. Mbona basi milango inabaki wazi? Nina sababu tatu.

Kosa la kwanza: funguo za kwenye maelekezo

DHIS2 mpya huja na mtumiaji anayeitwa admin, na nywila yake ni district. OpenMRS huja na admin na Admin123. Sivujishi siri yoyote hapa. Zimo kwenye maelekezo yao rasmi, dunia nzima inazisoma. Tomcat, seva ambayo mifumo mingi ya Java hukaa juu yake, ilizoea kukuonyesha mfano wa mtumiaji tomcat mwenye nywila s3cret kila ulipokataliwa kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi. Unajua kinachotokea mtu akionyeshwa mfano saa saba usiku huku bosi anasubiri mfumo asubuhi. Ananakili.

Utetezi unaotolewa ni kwamba maelekezo yanasema wazi ubadilishe nywila hiyo. Kweli yanasema. Lakini onyo lililoandikwa ukurasa wa arobaini si ulinzi. Fundi wa kufuli hakuuzii kufuli zenye ufunguo mmoja nchi nzima halafu akaandika kwenye boksi "tafadhali badilisha". Programu inaweza kukataa kufanya kazi mpaka nywila ya kwanza itungwe na mwenye mfumo. Ni mistari michache ya msimbo. Tomcat wenyewe walisogea upande huo: kwenye faili la mfano la siku hizi, mahali pa nywila pameandikwa kwamba lazima ibadilishwe, na watumiaji wote wa mfano wamefungiwa ndani ya maoni ili wasifanye kazi. Ni hatua ndogo, lakini inampa fundi mvivu njia salama kuliko ile ya hatari.

Angalia pia kwamba tomcat-users.xml, ukiiacha ilivyo, hutunza nywila kwa maandishi wazi. Unga wote niliousifu juu haupo. Faili hilo lilikusudiwa kwa majaribio na usimamizi mdogo. Mafunzo mengi yanakufundisha kwa faili hilo, kisha hayakuambii kwamba sasa ulitupe.

Kosa la pili: mlinzi aliyepewa orodha

Hili ni la kiufundi zaidi, lakini vumilia, lina utamu wake.

Kwenye web.xml unaandika sheria: kurasa zote za /wagonjwa zifunguliwe kwa waliotambuliwa tu. Mafunzo mengi ya zamani yanaongeza mistari miwili inayotaja njia za kuomba, GET na POST. Inaonekana kama umakini. Kumbe umeharibu. Kwa mujibu wa kiwango, ukitaja njia, sheria inahusu zile ulizotaja peke yake. Njia nyingine zote, kama HEAD au PUT, zinapita bila kuulizwa.

Ni kama umemwambia mlinzi wa getini: "Wanaokuja kwa miguu na kwa bodaboda, wasimamishe." Mtu akija na bajaji, mlinzi anampungia mkono. Mlinzi hana kosa, kafanya kama alivyoagizwa.

Ukiacha kuitaja njia yoyote, sheria inahusu zote. Yaani usalama ulikuwa kwenye kuandika kidogo, siyo kwenye kuandika zaidi. Toleo la Servlet 3.1 la mwaka 2013 liliongeza agizo la kukataa njia zote zisizotajwa, deny-uncovered-http-methods, lakini inabidi uliandike mwenyewe. Hapa nawakosoa hata waliotunga kiwango: kitu kisichotajwa kingetakiwa kukataliwa tangu siku ya kwanza. Mlango ukisahauliwa, ubaki umefungwa.

Kosa la tatu: saa isiyojua zamu

Makosa mawili ya kwanza fundi mzuri anayamaliza kwa mchana mmoja. La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaonekana kama usalama.

Tomcat ikitoka kiwandani humfungia mtu kikao baada ya dakika 30 za kukaa kimya. Mwenye ofisi yake, dakika 30 ni sawa. Sasa zipeleke dakika hizo kwenye kaunta ya hospitali yoyote, saa moja na nusu asubuhi, zamu inabadilika. Muuguzi wa usiku kaondoka, jina lake bado liko juu ya skrini. Wa asubuhi ana wagonjwa sita kwenye benchi. Unadhani atabonyeza "toka", aandike jina lake, aandike nywila, asubiri mtandao? Ataendelea pale mwenzake alipoishia. Kuanzia hapo kila dawa inayoandikwa, imeandikwa na mtu aliyeko nyumbani amelala.

Tena ukimya wenyewe unahesabiwa kwa maombi yanayofika kwenye seva, siyo kwa vidole vya mtu. Kama ukurasa unajifungua upya wenyewe kila dakika ili kuonyesha foleni, kwa seva huyo mtu yuko kazini usiku kucha. Kikao hakifungwi kamwe.

Fundi akiambiwa hili, dawa yake ya kwanza huwa ni kukaza: kikao kiwe dakika tatu, nywila ibadilishwe kila miezi mitatu, iwe na herufi kubwa, namba na alama, ukikosea mara kadhaa akaunti ifungwe mpaka afisa wa TEHAMA aje. DHIS2 ina swichi ya kulazimisha nywila ibadilishwe kila baada ya miezi kadhaa, na kuna wasimamizi wanaiwasha kwa fahari.

Sayansi inasema nini? Inasema hapana, na imesema muda mrefu. Mwaka 1999 Anne Adams na Martina Angela Sasse walichapisha makala ambayo hata kichwa chake kilitangaza kwamba mtumiaji si adui: watu hukwepa sheria za nywila pale sheria zenyewe zinapopingana na kazi yao. Kanuni za kubadilisha-badilisha na kuchanganya alama zilipata nguvu kutoka mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwandishi wake, Bill Burr, alikuja kuliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoshauri. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya: usilazimishe nywila kubadilishwa kwa kalenda, ibadilishwe kukiwa na dalili kwamba imevuja, usidai mchanganyiko wa alama, ruhusu nywila ndefu, na ikatae ile iliyomo kwenye orodha ya zilizokwisha kuvuja.

Sababu yake haihitaji shahada. Ukimlazimisha mtu kubadilisha, Moshi2023 inakuwa Moshi2024. Ukimlazimisha kuweka alama, anaongeza alama ya mshangao mwishoni. Ukimbana zaidi, anaandika kwenye plasta na kuibandika chini ya kibodi.

Kwa wahudumu wa afya mambo ni makali zaidi. Mwaka 2017 Ayal Hassidim na wenzake walichapisha utafiti wa watumishi 299 wa tiba. Karibu robo tatu walisema wamewahi kupata nywila ya mwenzao. Sababu ndizo zinazofundisha: wanafunzi na madaktari wa mafunzo wengi walisema hawakupewa akaunti kabisa, au walipewa akaunti isiyo na ruhusa ya kufanya kazi waliyotumwa kufanya. Sasa fikiria Moshi, mji wenye hospitali ya kufundishia na wanafunzi wanaobadilisha idara kila baada ya wiki chache. Kama kufungua akaunti kunachukua wiki mbili na mafunzo ya idara ni wiki nne, nywila ya kuazima si utovu wa nidhamu. Ndiyo njia pekee ya kazi iliyoachwa wazi.

Kinachopotea

Labda unajiuliza, tatizo liko wapi kama kazi inafanyika na wote ni watumishi halali?

Tatizo ni kwamba mlango wa kuingia una kazi mbili, na mafunzo yanafundisha moja. Ya kwanza ni kuzuia wageni. Ya pili ni kuweka jina la mtu kwenye tendo. Wazee wa mteremko huu walielewa ya pili bila kompyuta. Maji ya mfongo yalikuwa ya wote, lakini yalikwenda kwa zamu, na zamu ilikuwa na mwenyewe. Ukikuta shamba la jirani limefurika na lako limekauka, ulijua leo asubuhi maji yalikuwa kwa nani. Kushirikiana hakukufuta majina.

Nywila ya wodi inafuta majina. Kipimo kikibadilishwa kimakosa, mfumo utamtaja muuguzi ambaye hata hakuwepo, naye hana njia ya kujitetea. Au kinyume chake: mtu kafungua faili la mgonjwa wa kliniki ya CTC kwa udaku tu, na habari imefika kijijini kabla ya mgonjwa mwenyewe kufika. Nani alifungua? Kumbukumbu inasema "wodi3". Wodi haiitwi kwenye kamati ya nidhamu.

Na siku hizi si suala la maadili peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na kumtaka anayezikusanya azilinde. Huwezi kusema umelinda kitu ambacho huwezi kusema nani alikigusa.

Basi tufanyeje?

Nisikosoe halafu nikakimbia. Haya yanawezekana hata kwa ofisi ndogo:

- Kila mtu akaunti yake, na ifunguliwe siku ileile anayofika. Ukishindwa hapa, mengine yote ni mapambo.
- Akaunti ya mtu wa muda iwe na tarehe ya kufa. Mwanafunzi akimaliza idara, imeisha yenyewe.
- Nywila ndefu, isiyolazimishwa alama wala kalenda, inayolinganishwa na orodha ya nywila zilizovuja.
- Akikosea mara nyingi, mfungie kwa muda mfupi. LockOutRealm ya Tomcat humfungia aliyekosea mara tano kwa dakika tano tu, kisha mlango unajifungua. Hiyo ni akili: inamchosha mwizi bila kumwacha muuguzi wa zamu ya usiku nje mpaka Jumatatu.
- Kwenye kompyuta ya pamoja, kikao kifupi kiende na njia ya haraka ya kurudi, kwa mfano namba fupi inayofanya kazi kwenye mashine hiyo pekee. Ukifupisha kikao bila kuharakisha kurudi, umewafundisha kuazimana.
- Hatua ya pili ya uthibitisho kwa simu iwe ya lazima kwa wasimamizi. DHIS2 inayo tayari, kazi ni kuiwasha.
- Usiandike mlango wako mwenyewe kutoka sifuri. Spring Security na vitu vya aina yake vimeshaumizwa vya kutosha, na vimejifunza.

Najua jibu linalokuja: "Ndugu, hizo ni ndoto za Ulaya, sisi umeme unakatika na mtandao unasuasua." Hoja hiyo naiheshimu, lakini inaniunga mkono mimi. Mtandao ukisuasua, ndo kila kulogini kunakuwa ghali, na ndo mtu anazidi kukwepa kutoka. Mazingira magumu yanadai usanidi ufikiriwe zaidi, siyo unakiliwe zaidi. Tena mengi kwenye orodha hiyo hayaongezi hata shilingi. Akaunti inayokufa kwa tarehe ni safu moja kwenye hifadhidata.

Nikubali pia kwamba kuna jambo usanidi hauliwezi. Mkubwa wa idara akimwambia mdogo wake "nipe nywila yako, nina haraka", hakuna mstari wa web.xml utakaomzuia. Hapo inahitajika heshima, na mkubwa anayetangulia kwa mfano. Lakini tusitumie udhaifu wa watu kuficha uvivu wa mafundi. Tuanze na kilicho mikononi mwetu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii na una mfumo wa Java unaoutunza, wa hospitali, wa chama cha ushirika au wa shule, nenda kauulize maswali matatu. Je, nywila ya kwenye maelekezo bado inafungua? Je, kuna ukurasa unaofunguka kwa njia ambayo hukuitaja? Na ukichukua kitendo kimoja chochote cha jana, unaweza kuniambia ni mtu gani, siyo kompyuta gani, aliyekifanya? Swali la tatu likikushinda, fomu yako ya kuingia inaweza kuwa nzuri sana, lakini nyuma yake hakuna mlango.